Mkurugenzi wa Magodoro

Jumatatu, 3 Juni
Mwaka wa mwisho, kozi ya mwisho: usimamizi wa biashara, kwa vikundi. Kila kikundi kinachukua biashara halisi na kuiinua. Sisi tuna duka la magodoro la mjomba, kaka yake mama. Nimelileta mimi, kwa hiyo mkurugenzi ni mimi. Sijatangaza bado. Uongozi wa kweli hautangazwi, unaonekana.

Tuko wanne. Ratiba, tunamwita hivyo kwa sababu hata kucheka kwake kumepangiwa saa. Bwana Tai, anayevaa tai hata jua likiwaka. Kimya, dada ambaye sauti yake hatujaisikia tangu mwaka wa kwanza. Na mimi. Ratiba amenipa kazi ya kuhoji wateja. Nikamwambia nitatafakari kwanza, nikakaa juu ya godoro jipya ili nitafakari vizuri. Laini, jamani. Nikaona ghorofa refu, lote la sponji, na mimi juu kabisa kwenye kiti kinachozunguka, mawingu yakipita dirishani yakinisalimu kwa cheo. Mjomba aliniamsha kwa ufagio.

Jumanne, 4 Juni
Mhadhiri ametoa sheria. Siku ya kuwasilisha, kikundi kinaweza kumfukuza mwenzao mvivu, kama kampuni. Kila mmoja ananyoosha mkono, hata yule anayejadiliwa. Kura zikilingana, anabaki. Za kumfukuza zikizidi, anarudia mwaka.

Wote watatu walinigeukia. Sijui kwa nini.

Nimepiga hesabu njiani. Ratiba atanifukuza. Tai atanifukuza huku anatabasamu. Kimya yuko nami, maana mimi ndiye humuuliza habari za kwao kila asubuhi, hata asipojibu. Nimemwomba kura, akaitikia kwa kichwa. Na mkono wangu ni wangu. Wawili kwa wawili. Salama salimini.

Mama ameshashonesha gauni la mahafali, la zambarau, na ndugu wote wameambiwa. Analijaribu kila jioni mbele ya kioo na kuniuliza kama halimbani. Nikimwona hivyo roho inaniuma. Kisha usingizi unanichukua.

Alhamisi, 6 Juni
Sikuhoji mteja. Nilijilaza kwenye godoro la dirishani, lile linaloonekana kutoka barabarani, nipange mkakati. Nilipozinduka watu wamejaa nje ya kioo. Mama mmoja alisema hajapata kuona mtu mzima akilala kwa amani namna ile, akanunua magodoro mawili, moja lake na moja la mumewe anayekoroma, alale chumba kingine. Mjomba aliuza mpaka akachoka. Alinipa soda, baridi.

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mimi nilijiuza nimefumba macho.

Jioni nasikia Tai ameandika kwenye ripoti kwamba wazo la mlalaji dirishani ni lake. Wizi wa usingizi, mchana kweupe! Nimegoma. Nimewaambia silali tena mpaka jina langu liandikwe.

Ijumaa, 7 Juni
Tai amelala dirishani mwenyewe. Chali, mikono kifuani, miguu imenyooka, tai imekaa sawa. Watu walipita wakivua kofia. Mzee mmoja aliingia kumpa mjomba pole. Halikuuzwa hata godoro la mtoto.

Mjomba akanipigia simu, sauti ya asali, akaniita mwanangu. Kichwa kikavimba. Jina langu likaandikwa. Nikaja mbio, nikavua viatu, nikajilaza kwa heshima zote. Usingizi ukagoma. Furaha ilikuwa imezidi. Nilikaa macho makavu mpaka jioni nikiwatazama wapita njia, nao wakinitazama. Mtoto mmoja alilia.

Ratiba alisema kulala si kazi, na hata hiyo imenishinda.

Jumapili, 9 Juni
Nina mpango. Kesho tunawasilisha. Tutabeba godoro mpaka ukumbini, nami nitalala mbele ya mhadhiri, aone kwa macho yake. Nani atathubutu kumfukuza mtu wa namna hiyo? Na ili usingizi usinichezee tena, leo silali kabisa.

Ratiba alinikumbusha kwamba saa ya kura nitatakiwa kunyoosha mkono. Nikamwambia asinifundishe kazi. Kimya alifungua mdomo, nadhani alitaka kusema kitu. Nikampigia makofi ya kumtia moyo, akaufunga.

Mama amelipiga gauni pasi.

Jumatatu, 10 Juni
Nililala vizuri sana.

Haya mengine nimesimuliwa. Ukumbi mzima ulipiga makofi. Mhadhiri alisogea, akainama, akasema angependa naye alale hivyo siku moja. Kikundi kikafaulu. Kisha zikaja kura. Ratiba akanyoosha nifukuzwe. Tai akanyoosha nifukuzwe. Kimya akanyoosha nibaki, tena akasema, kwa sauti nzito ambayo hakuna aliyeitegemea, kwamba katika miaka yote hii ni mimi tu niliyemuuliza habari za kwao.

Ukabaki mkono wangu. Wakaniita. Wakanitikisa. Kimya akaushika, akauinua, ukaanguka. Mhadhiri akasema mkono huinuliwa na mwenyewe, na asiyekuwepo na lake halipo.

Lakini nilikuwepo. Katikati ya ukumbi, chini ya shuka. Na huko nilikokuwa, nilikuwa juu ya ghorofa langu la sponji, umati umejaa mpaka kwenye mawingu, mtu akauliza nani anataka mkurugenzi abaki. Nikanyoosha mikono yote miwili.

Jumanne, 11 Juni
Nimemwambia mama. Hakufoka. Alilikunja gauni taratibu, akaliweka juu ya kabati, akasema litangoja. Afadhali angefoka. Nimelia nimegeukia ukuta.

Mchana mawazo yakakaa sawa. Mwakani kozi ni ileile. Wenzangu watakuwa wageni, mimi mzoefu. Na kosa nimeliona: nilichelewa kulala. Ningeanza mapema, ningeamka mapema. Jambo dogo tu la mipango.

Nimekuja dukani kuanza maandalizi. Mjomba amemwajiri Kimya, na Kimya ameahidi kunisaidia akimaliza na mteja. Limeingia godoro jipya, nene kuliko lile. Namsubiri hapa dirishani. Nimejinyoosha kidogo tu, si kwa kulala.