Jante Nyuma ya Migomba

Jumapili, tarehe 8 ya mwezi wa sita

Pentekoste. Roho Mutakatifu ameshukia watu wote wa Kibabi isipokuwa mimi. Mimi nimeshukiwa na kasiksi.

Niandike vile ilikuwa. Baada ya misa tulikaa kwa kikombe cha ile pombe ya ndizi na shemeki Benoît, yule aliyeoa mudogo wa Céline, muke wangu, kule Pinga. Amekuja kututembelea na pikipiki yake mupya, nyekundu. Akaanza habari za pori: ndege anamuangusha kwa lanspieri, nyani anamufukuza kwa lanspieri. Watu wote kinywa wazi. Mimi nikasema lanspieri ni kitu ya watoto, muti wa pembe mbili na mupira, basi. Nikasema mimi nikiishika sikosi. Sikosi! Mara ya mwisho nilikuwa darasa la tatu na nilivunja dirisha ya mwalimu.

Benoît akacheka polepole. Akakumbusha kwamba Jumapili ijayo, siku ya feti, sikukuu ya shapeli, kanisa yetu ndogo, kuko mashindano ya kupiga mikebe ya tomati. Nikamuuliza anaweka nini. Akaweka pikipiki. Akaniuliza mimi naweka nini. Na kinywa changu, bila kuniomba ruhusa, kikasema: Gaju.

Gaju! Ngombe ya Céline! Baba yake alimupa siku ya arusi. Maziwa ya Gaju njo fromaji, jibini yetu ya kuuza, na fromaji njo masomo ya watoto. Céline hajui kitu. Benoît, yeye, akasema kwa utulivu:

"Pinga hakuna malisho, kaka. Sisi tutamukula tu."

Kichwa inaniuma.

Jumatatu, tarehe 9

Mazoezi. Nimeanza na chupa. Chupa ikivunjika imevunjika, huwezi kuipiga tena, na zile zilikuwa chupa za mafuta za Céline. Nikatundika sufuria ya aluminium. Jiwe likapita ndani kama sindano. Nikamuambia Céline ni panya. Aliangalia tundu, akaniangalia, akauliza tangu lini panya wa Kibabi wanaota meno ya chuma. Nikajaribu bati ya jikoni. Jiwe likaingia upande huu, likatoka upande ule, likaanguka ndani ya maharagi.

Basi, inahitaji chuma. Chuma ya kweli, nene, yenye kutundikwa. Unapiga, inalia, unajua umepata, hata hauendi kuangalia. Nilipanda pikipiki ya Samy, taximani wetu, mupaka Masisi kwa Papa Akilimali, yule musuduri, muunga vyuma. Alinitajia bei ya kipande kimoja. Yesu Maria! Nilikaa juu ya mufuko wa makaa bila kuambiwa kukaa. Akasema kwa bei ile watu wengine wanatengenezewa mulango wa lupango, wa kufunga kiwanja chote. Nikamujibu lupango yenyewe sina.

Kwa njia ya kurudi Samy akasema yeye iko na jante ya lori, ile lori iliyokufa kwenye mupando wa mulima. Duara ya chuma ya ndani ya gurudumu, nzito, hakuna jiwe la kuitoboa. Hataki feza, anataka fromaji. Nimemupa mbili kubwa, zile Céline alikuwa ameweka kwa ajili ya soko. Nitasema panya.

Jumanne, tarehe 10

Jante iko juu! Nimeitundika nyuma ya migomba, Céline asiione. Na ni chuma ya muzuri, najua, juu ni ndugu ya ile ya shapeli. Kwetu hapa jante njo kengele. Ikilia moja moja, polepole, ni kusali. Ikilia mbili mbili, muntu amekufa. Ikilia haraka haraka bila kupumua, chukua mutoto na godoro, kimbia. Hata mutoto wa kunyonya anajua. Njo maana nilichagua jante: inasikika mupaka mulima wa pili.

Nimepiga tangu muchana. Kukosa, kukosa, kukosa, ngoo! Kukosa, kukosa, ngoo! Migomba imeteseka sana.

Halafu ajabu. Papa Élie, katekista, amefika kwangu jasho linamutoka. Amesema wakristu walijaa shapeli saa ya kazi, wameacha majembe ndani ya mashamba, wakaimba, na yeye hakugusa kengele. Hakuna muntu aliyegusa. Kengele imelia yenyewe! Nywele zilinisimama. Nilimuuliza kama ni malaika. Akasema hawezi kukataza. Mimi sikusikia kitu, juu nilikuwa na kelele yangu, lakini nimepiga magoti pamoja naye pale pale kwa mulango na nimemuomba Mungu msamaha kwa ile maneno ya panya.

Alhamisi, tarehe 12

Ninaendelea muzuri. Nimejitengenezea mutindo: mawe mawili, kisha kupumua. Mawili, kupumua. Ngoo-ngoo! Ngoo-ngoo! Benoît, jaza mafuta kwa hiyo pikipiki.

Lakini huku inje dunia imeharibika. Leo watu wamekuja kilio na hakuna maiti! Wanawake wamefunga vitambaa, wamebeba unga na sukari, wanaulizana nani amekufa. Kila muntu akamufikiria Mama Nyirabagenzi, juu yeye njo muzee kupita wote. Wakafika kwake wanalia kwa nguvu. Wakamukuta anakula viazi. Alishituka kiasi ya kuangusha sahani. Amewatukana mupaka babu zao, amesema wanamuharakisha, kisha amebaki na sukari yote.

Benoît alikuja kuniangalia machoni. Akauliza kama mimi nimesikia hiyo kengele, imetokea upande gani. Nikamuambia hii mulima imeingiliwa na kitu. Akaangalia migomba yangu, akaenda. Muntu wa pori, anaogopa haraka.

Ijumaa, tarehe 13

Naandika juu ya goti, ndani ya darasa ya shule ya mulima mwingine. Sijui nianze wapi.

Asubui nilisimama nyuma ya migomba na mufuko wa mawe. Ya kwanza ngoo. Ya pili ngoo. Ya tatu, ya ine, yote! Sijawahi kuona kitu kama hii. Mukono ulikuwa unatembea wenyewe. Nilipiga haraka haraka kama mvua ya mawe juu ya bati, sikukosa hata moja, nilicheka peke yangu kama mwenda wazimu. Pikipiki ni yangu! Gaju amepona!

Mufuko ukaisha. Kimya. Kimya mubaya. Hakuna mutoto analia, hakuna kuku. Nikaingia nyumbani: mulango wazi, sufuria juu ya moto, Céline hayuko. Nikakimbia zizini: Gaju hayuko. Nikaangalia chini ya mulima na roho ikaniruka. Kibabi yote inashuka. Magodoro juu ya vichwa, mbuzi, watoto, masufuria. Nikajua vita imefika. Nilikimbia bila viatu. Nilipita Papa Élie, nilipita hata Samy, na Samy alikuwa juu ya pikipiki.

Niliwafikia kwenye muto. Nikauliza wapiganaji wako wapi, wametokea upande gani. Mama moja akasema hakuna aliyewaona bado, lakini kengele ililia, haujasikia? Ililia haraka haraka, bila kupumua.

Hapo njo nilielewa. Mbele ya macho yangu niliona ile jante.

Benoît alikuwa anavuka maji na Mama Nyirabagenzi kwenye mugongo. Pikipiki yake aliiacha barabarani, juu muzee hakuweza kuipanda. Muzee alikuwa analia polepole, akisema mara hii hatarudi kuona nyumba yake. Ameshakimbia mara nyingi kwa maisha yake. Kisha Céline akaniona. Aliachilia kamba ya Gaju, akanishika koti kwa mikono miwili.

"Nilikuita, Séraphin. Nilikuita sana. Nilifikiri wamekuua."

Nilitaka kusema. Naapa nilitaka. Nimeona haya kama sijawahi kuona haya tangu nizaliwe, na nimeinama kuokota kamba ya Gaju.

Jumamosi, tarehe 14

Tumerudi. Hakuna kitu kimeibiwa, hakuna hata jani limevunjika, isipokuwa migomba yangu. Na hiyo migomba njo imenisaliti. Benoît aliingia ndani yake moja kwa moja, kama muntu anayefuata nyayo za munyama, akatoka anavuta jante. Imejaa alama za mawe. Akaiweka chini mbele ya chefu wa kijiji, mbele ya Papa Élie, mbele ya Kibabi yote. Akachukua kajiwe kamoja, akapiga. Ngoo.

Watu wote wakageuka kuniangalia. Papa Élie njo alinishangaa kupita wote, juu alikuwa ameshaandikia padri habari ya malaika.

Chefu ameamua. Kwanza, nirudishe magodoro yote kwa wenyewe, kwa kichwa changu mwenyewe. Nimerudisha. Shingo haiko tena. Pili, kwa kuwa napenda kengele, kuanzia Jumatatu mimi njo mupiga kengele wa shapeli, kila asubui kabla ya jua. Jante yangu wameichukua. Na Papa Élie atatangaza kwa misa kwamba mambo ya bure yameisha: kengele ikilia tena, watu waiamini.

Ingeishia hapo ingekuwa sawa. Lakini chefu akauliza mazoezi yalikuwa ya nini, na Benoît akaeleza. Aliongeza kwamba yeye alikuwa anacheka tu, ngombe ni ya Céline, hawezi kumuchukua. Céline hakulia, hakunitukana. Alienda kuketi zizini karibu na Gaju, na hajarudi. Nilimupelekea chai. Gaju ameipiga teke.

Jumapili, tarehe 15

Feti. Ningenyamaza. Benoît alikuwa amenisamehe, mutego umefunguka, kazi yangu ilikuwa kula wali tu. Lakini nilikumbuka ile asubui ya Ijumaa, mufuko muzima bila kukosa! Ni haki kupoteza kipaji kama kile? Nikasimama, nikasema neno ya mwanaume hairudi nyuma. Gaju kwa pikipiki.

Benoît akaniangalia kama anaangalia mugonjwa. Halafu Céline akatoka katikati ya wamama, akanyoosha mukono, akachukua lanspieri yangu.

"Kama ni Gaju, nitapiga mimi."

Nilicheka. Nilikuwa muntu pekee aliyecheka. Kumbe Céline amelisha ngombe za baba yake juu ya mulima tangu utoto, na ngombe aliyetoka kwenye njia alikuwa anamurudisha kwa jiwe! Mukebe wa kwanza, chini. Wa pili, chini. Benoît akakosa wa tatu. Céline hakukosa. Hata hakufunga jicho moja.

Benoît amemupa funguo kwa mikono miwili, akicheka. Kesho Céline atamurudisha Pinga na pikipiki, kisha arudi nayo. Mimi wamenipa ufagio wa kufagia mikebe.

Jumatatu, tarehe 16

Kazi imeanza. Asubui, baridi, umande, na shapeli iko mbali! Kupanda ile mulima yote ili kupiga chuma? Mimi? Nilisimama kwa mulango wangu na nikaona: ile jante ya shapeli inaonekana muzuri kabisa kutoka hapa. Na lanspieri Céline aliiacha juu ya meza alipoondoka na Benoît.

Samy alikuwa anapita. Amesema kutoka hapa haiwezekani. Nikasema inawezekana. Amesema moja labda, mufuko muzima hapana. Ameweka mbuzi wake. Mimi nikaweka pikipiki ya Céline.

Nimetoka kupiga sasa hivi. Mufuko muzima, haraka haraka, kabla mukono haujapoa. Sijakosa hata moja! Samy amegeuza pikipiki yake, ameondoka mbio bila kuaga, na mbuzi hajaniletea.

Mulango wa Mama Nyirabagenzi umefunguka. Anatoka na godoro.