Taa ya Stoo Inayomchezesha Mama Mkwe

Kwa Shemeji yangu mpendwa, Fundi Umeme,

Natumaini u mzima na ngazi yako haijakuangusha. Sisi huku tunapumua, ila nyumba imeingiliwa, na kwa heshima zote, aliyefungua mlango ni wewe.

Nilikuomba uvute waya hadi stoo yetu ya chakula, isiyo na soketi wala dirisha. Ukaupigapiga ukuta kwa kidole, ukasema ukitobolewa utatuangukia, tununue taa ya betri. Tukakusikiliza. Haya ndiyo matunda ya usikivu wetu:

1. Taa ya kwanza ilikuwa ya kubandika ukutani. Unaigonga kidogo, inawaka. Mama yako mzazi, ambaye ni mkwe wangu na mtawala wa stoo hiyo, hajui kugonga kidogo. Aliigonga kama anayebisha hodi kwa kiziwi, ikabanduka na kutumbukia kwenye pipa la unga. Haikuzimika, nakiri. Lakini ilimulika unga tu.

2. Ya pili ilikuwa na rimoti. Betri za rimoti tukazitoa kwenye rimoti ya televisheni. Basi tukiona mchele hatuna habari, tukiwa na habari hatuoni mchele. Isitoshe, dada yako aliamuru rimoti ikae humo humo stoo isije ikapotea. Tukawa tunaitafuta kwa kiberiti.

3. Ya tatu uliichagua na kuifunga mwenyewe: ile inayohisi mtu akijongea. Ukitembea inawaka, ukitulia inajizima. Shemeji, mama huchambua maharage akiwa ameketi juu ya ndoo, ametulia kama maji mtungini. Akipunga mkono inawaka. Akiinamia maharage, giza. Alitoka humo akaniambia taratibu, "Mwanangu, taa hii inawaona vijana tu."

4. Baadaye akagundua kwamba akitikisa mabega bila kukoma, taa inakaa macho. Hivyo mama yako sasa huchambua maharage akicheza. Hakuna muziki. Jirani yetu mshonaji alikuja kuazima chujio, akachungulia mlangoni, akarudi nyuma polepole, chujio akaliacha. Kufikia jioni mtaa mzima ulikuwa unatupa pole.

5. Habari za mtaani zimemfikia, naye amefungasha. Anasema hawezi kuishi kwenye nyumba ambayo kuona maharage lazima kwanza uyachezee, na kwamba aliyeileta taa ndiye atakayempokea. Huyo ni wewe. Dada yako analia, nami nazunguka uani kama kuku aliyenyeshewa.

Kwa hiyo naomba rasmi uchague moja: uje uing'oe taa yako kabla ya Jumamosi, au umwandalie mama chumba, pamoja na stoo yenye dirisha. Nisingependa aondoke. Ndiye mtu pekee anayenitetea dada yako akinuna.

Msalimie mkeo, watoto, wakwe zako wote, na yule fundi mwenzako anayekushikia ngazi.

Wako kwa heshima na giza,
Mume wa dada yako

N.B. Nilipomaliza kuandika niliingia stoo kutafuta gundi ya bahasha. Nikasimama kuwaza iliko, taa ikazimika. Nilikuwa nakata kiuno nyuma ya gunia la mchele mama alipofungua mlango. Akacheka mpaka akashika ukuta, kicheko ambacho hatujakisikia tangu tumzike baba yenu. Dada yako alikuja mbio akidhani kuna aliyeanguka, akamkuta mama ameketi sakafuni anafuta machozi, naye akaketi akacheka.

Nguo zimerudi kabatini. Usije kung'oa kitu. Barua naituma tu kwa kuwa bahasha nimeshaiandika anwani. Ukija, lete taa nyingine kama ile tuifunge chumbani kwa mama. Anasema mabega yangu ni ya mbao, na kwamba kesho ataanza kunifundisha kucheza upya.