Vidonge vya Isidore

Likasi, Jumatatu, 3 Mei 1971

Leo daktari wa kambi ametupima tension, yaani presha ya damu, sote wa kiwandani. Yangu 19. Ya Isidore, jirani yangu na mwenzangu wa sauti nene kwayani, 18. Nimemshinda! Nikapiga kifua mpaka daktari aliponiambia hapa hakuna mashindano, ya juu ndiyo mbaya.

Anasema kuna utafiti mpya wa ng'ambo. Tension inaua hata mtu asiyeumwa popote. Zamani walingoja mpaka mtu augue ndipo wamtibu. Sasa atajaribu vidonge. Nusu yetu tutapata dawa, nusu chaki tupu, vyote vyeupe, na hata yeye hajui nani kapata nini. Majibu yamo ndani ya bahasha, itafunguliwa baada ya wiki tatu. Muuguzi Philomène naye akaeleza mambo mengi. Sikusikia, nilikuwa bado nashangilia 19.

Chaki! Kaka yangu François alikufa mwaka jana, kikombe cha chai mkononi, hakuwa na hata mafua. Naogopa. Sitaki kufa vile. Mke wangu Alphonsine asijue.

Jumatano, 5 Mei

Vidonge vyangu havina ladha. Isidore akimeza vyake anakunja uso. Dawa ni chungu, nani asiyejua? Basi chaki ni yangu.

Tena munkoyo ya Alphonsine, kinywaji chake cha mahindi na mizizi, imenivuruga. Tangu asubuhi nimekwenda kukojoa mara tano. Isidore akaniuliza, kwa heshima zote, kama nimehamia chooni.

Ijumaa, 7 Mei

Nimefanya! Mazoezi ya kwaya, makoti yote yametundikwa sakristia, chupa za vidonge mifukoni. Nikasema nimesahau kitabu cha nyimbo. Vidonge vyake nikavimimina kwenye chupa yangu, vyangu kwenye yake. Nikarudi, nikaimba vizuri kuliko siku zote.

Isidore ana watoto sita. Mungu anisamehe.

Jumapili, 9 Mei

Dawa ya kweli nayo haina ladha. Labda ulimi wangu umekufa. Lakini munkoyo imetulia, siku mbili sijakimbia. Leo Isidore alichelewa kutoka sakristia, kisha akanishika bega, akaniuliza habari ya afya. Mtu mwema. Niliona haya.

Jumatano, 12 Mei

Munkoyo imerudi! Mara nne kabla ya saa sita. Nimemkataza Alphonsine kuipika. Anasema hajaipika tangu wiki iliyopita. Amesahau tu.

Jumatatu, 24 Mei

Tumepimwa. Mimi 15! Isidore 18 ile ile. Bahasha ikafunguliwa: mimi dawa, Isidore chaki. Nikapiga kelele kwamba haiwezekani. Daktari akataka kujua kwa nini.

Ikabidi nikiri, Philomène ananitazama. Nikangoja Isidore anipige. Kumbe yeye ndiye aliyeinamisha kichwa. Philomène alikuwa ametuambia siku ya kwanza kwamba dawa hii inatoa maji mwilini. Isidore alisikiliza. Akaniona ninavyokimbia chooni, akajua dawa ninayo mimi. Jumapili ile, sakristia, akabadilisha vidonge vyetu, bila kujua kwamba mimi nilishatangulia. Uso alikuwa anaukunja kwa sababu vidonge humkwama kooni.

Yaani alipotaka kuniibia dawa, alinirudishia yangu mwenyewe! Bila yeye ningemeza chaki wiki zote zilizobaki, na kikombe cha chai kinaningoja.

"Weye uliniibia, na ndiyo sababu miye niko muzima," nikamwambia. "Asante, ndugu yangu."

"Asante na weye," akasema. "Siku mbili nilikunywa dawa ya bure."

Tukalia wote wawili. Daktari aliweka kalamu chini, akaiokota tena, akasema kuanzia kesho hakuna chaki, kila mtu atapewa dawa. Nilipomweleza Alphonsine alimshukuru Mungu, kisha akadai niiombe radhi munkoyo yake. Nimeiomba.

Jumanne, 25 Mei

Nimewasha mishumaa mitatu kanisani: wa Isidore, wa daktari, na wa yule mtafiti wa ng'ambo asiyejua hata jina langu. Moyo unapiga. Nausikia, nashukuru. Sitatenda tena ujinga kama ule.

Jioni tumepewa chupa mpya. Dawa ya kweli kwa wote, daktari ameapa. Lakini vidonge vya Isidore vina mstari katikati. Vyangu havina. Mstari wa nini? Kwa nini yeye?

Ijumaa kuna mazoezi ya kwaya. Nitasahau kitabu cha nyimbo.