Ploti Hii Haiuzwi

Jumatatu, 8 Septemba

Hali ya sekta ya nyumba na ardhi nchini: nzito. Mwelekeo: nitauandika nikishakula.

Nimepewa jukumu. Umoja wetu wa mabroka hapa Nakuru, wanachama kumi na mmoja, unakutana Jumamosi kwenye hoteli iliyo nyuma ya stendi, na mimi ndiye nitakayesoma ripoti ya Hali na Mwelekeo wa Huduma za Nyumba na Ardhi Kenya Nzima. Hakuna mwingine aliyejitolea. Nimelipokea kwa unyenyekevu.

Jioni Mama akaniita. Alistaafu kiwanda cha mablanketi zamani, goti limemkataa, na sasa anataka kurudi Kimilili ajenge karibu na kaburi la Baba. Hataki Krismasi nyingine mbali na mzee. Kwa hivyo ploti yetu ya Lanet, nje kidogo ya mji, iuzwe, na niiuze mimi. Mimi Wanyonyi! Miaka tisa nimekuwa broka na Mama hajawahi kunipa hata chumba kimoja nikitafutie mpangaji. Nikamwambia ahesabu imeuzwa. Alinitazama vile alivyokuwa akinitazama nikileta ripoti ya shule.

Jumanne, 9 Septemba

Nimeenda Lanet kuikagua. Ploti yenyewe ni shamba la maharagwe tu, lakini ukuta! Baba alikuwa fundi wa reli. Aliujenga kwa mikono yake, mstari mmoja wa mawe kila Desemba akipata likizo, miaka kumi na miwili. Hakuna jiwe lililopinda. Nilijisikia mtu wa maana nikiwa nimesimama pale.

Kisha gari likapunguza mwendo. Kimutai! Huyu ni broka kama mimi, isipokuwa ana leseni kwenye fremu na ofisi yenye mlango wa kioo. Akamuulizia Mama kwa heshima zake zote. Akasema mathe akiwa na jambo lolote la ploti asisite kumpigia. Mama anampenda tangu siku alipombebea kikapu sokoni. Nilirudi mjini.

Kurukwa ndio ugonjwa wa kazi hii. Leo unamwonyesha mteja ploti, kesho broka mwingine anampeleka moja kwa moja kwa mwenyewe, na wewe unabaki na vumbi kwenye viatu. Sasa nirukwe hata kwa mama yangu mzazi?

Halafu nikapata wazo. Tembea mji huu wote, utaona yameandikwa ukutani na kwenye mabati: haiuzwi, haiuzwi. Watu huandika hivyo kwa sababu ya matapeli wanaouza ploti za wenyewe kwa karatasi za uongo. Na broka mwenye akili akiyaona maneno hayo, anapita mbio. Basi niyaandike kwetu! Hakuna broka atakayethubutu kuingia. Mteja wangu nitamleta mwenyewe kwa mkono. Wahenga walisema kizuri chajiuza, lakini wahenga hawakuwa mabroka.

Kuna wakati akili yangu inanitisha.

Jumatano, 10 Septemba

Ogada, mwandishi wa vibao, amefanya kazi safi. Aliniuliza rangi gani nikamwambia nyekundu, ya mafuta, isiyofutika milele. Akaniuliza kama mwenye ploti anajua. Nikamjibu kwamba mwenye ploti ni mama yangu. Akasema hilo silo alilouliza, akachovya brashi akaendelea.

PLOTI HII HAIUZWI. TAHADHARI.

Herufi zina urefu wa mkono wangu. Zinasomeka hadi ng'ambo ya barabara. Mama sijamwambia, maana siku hizi goti halimfikishi Lanet, na si vizuri kumchosha mzee na mambo ya kiufundi.

Alhamisi, 11 Septemba

Mteja! Anaitwa Chepkurui, msimamizi kwenye shamba moja la maua Naivasha. Mama wa watoto watatu, amechoka kupanga. Tumeongea kwa simu nusu saa. Ana maswali mengi, na mimi napenda mteja mwenye maswali kwa sababu anaonyesha ana nia. Nimempa namba ya ploti akafanye sachi kwenye ofisi ya ardhi, aone jina la Mama ni safi. Tukutane Lanet Jumamosi asubuhi, kabla ya mkutano. Nimempigia Mama kumwambia mambo yameiva. Akaniambia ameanza kufunga vyombo kwenye magazeti.

Mwelekeo wa sekta: mzuri mno.

Ijumaa, 12 Septemba

Sekta inaelekea kuzimu.

Chepkurui alikuja leo! Bila kunijulisha! Ndivyo wanunuzi wa siku hizi wanavyofanya. Wanatangulia kimyakimya, wananunua soda kwenye kioski cha jirani, wanauliza ploti ni ya nani na ina maneno gani. Akanipigia akiwa mbele ya ukuta. Nikamweleza asiwe na wasiwasi, maandishi ni yangu mwenyewe. Akauliza ni kwa nini mtu anayeuza aandike kwamba hauzi. Nikamwambia ni mbinu ya kitaalamu.

"Boss," akasema, "mimi nimechuma maua ya watu miaka kumi na minne. Sinunui kesi."

Akakata.

Nilifika Lanet na chupa ya thina ya kuondolea rangi na matambara. Nimesugua saa tatu. Rangi imeingia ndani ya jiwe. Sasa ukuta mzima una wekundu wa kutisha na maneno bado yanasomeka. Mwenye kioski, Mama Becky, alitoka akasimama nyuma yangu. Akasema maandishi yaliyofutwa ni mabaya kuliko yaliyoachwa, kwa sababu sasa kila mtu anajua kuna pande mbili zinagombana. Akapiga picha. Sikumuuliza ni ya nini.

Jumamosi, 13 Septemba

Picha ilifika Kitale kabla ya chai ya saa nne. Dada yangu Edinah yuko Kitale. Amenitumia ujumbe kumi na saba, na wa heshima zaidi ulisema nimetaka kula ploti ya Mama angali hai.

Nikaweka simu mfukoni. Nilikuwa na ripoti ya kusoma. Wanachama sita walifika, mmoja akiwa anasubiri tu mvua ipungue. Nilikuwa ukurasa wa pili, nikieleza kwamba msingi wa sekta yetu ni uaminifu, ndipo Kimutai aliponisogelea na simu yake. Hakucheka. Heri angecheka. Chini ya maneno yangu palikuwa na mstari mpya, rangi ileile:

HATA KWA WANYONYI HAIUZWI. NI MIMI EDINAH.

Nilimkimbilia Ogada. Akaniambia kwa utulivu kwamba Edinah alipiga simu na kumtumia malipo, na yeye ni fundi, hana upande. Akaongeza kwamba alijitahidi herufi zifanane na zangu ili ukuta usiharibike.

Jumapili, 14 Septemba

Leo nimeona aibu. Naandika tu kwa sababu nimezoea kuandika.

Msaidizi wa chifu alimsubiri Mama nje ya kanisa. Akamuuliza ni watoto wake wangapi wanaopigania ardhi, na kama anahitaji ulinzi. Mama hakuelewa. Akaomba apelekwe Lanet. Aliyekuwa na gari ni Kimutai.

Edinah alikuwa ameshafika kutoka Kitale, tumesimama yeye upande mmoja wa geti, mimi upande mwingine. Mama alishuka polepole. Akasoma maneno yote, yangu na ya Edinah, midomo ikisogea. Akaweka kiganja kwenye jiwe. Nilingoja atukane. Afadhali angetukana.

"Baba yenu alijenga ukuta huu kuzuia watu wa nje," akasema. "Hakujua wa kuzuiwa wako ndani."

Kisha akafungua mkoba, akatoa hati ya ploti, ambayo siku hizi haiachi nyumbani, iliyokuwa ndani ya bahasha ya kahawia, akampa Kimutai mbele yetu. Nilitaka kuuliza kuhusu komisheni. Edinah alinikanyaga mguu. Ndilo jambo pekee la undugu alilonifanyia wiki hii.

Jumanne, 23 Septemba

Siku ya nane na tindo na nyundo. Kimutai ndiye aliyetoa sharti: maandishi yasipakwe rangi juu, yachongwe yaishe, mchana, majirani wakiona, na achonge aliyeyaandikisha. Edinah alichonga mstari wake siku mbili akarudi Kitale. Wangu ni mrefu. Mikono imetoka malengelenge.

Nimegundua jambo. Baba alikuwa akiandika mwaka kwa msumari kwenye saruji, kila mstari mwaka wake. Sikuwahi kujua. Leo nilipofika wa tisini na nne nikaona kuna maneno baada ya tarakimu, chini kabisa ya rangi yangu. "W. amepita mti". Yaliyobaki tindo ilikuwa imeshayapitia. Mwaka huo nilifanya mtihani wa darasa la nane. Baba hakuniambia kitu, alinipa mkono tu akaenda kazini.

Nilikaa chini kwenye maharagwe. Mama Becky aliniletea chai na hakupiga picha.

Jumamosi, 4 Oktoba

Kimutai amemrudisha Chepkurui. Sijui alimwambia nini. Alituketisha wote sebuleni kwa Mama, vitambulisho mezani, na kila mmoja akasema kwa kinywa chake mbele ya mnunuzi kwamba hana ugomvi. Nilisema mara mbili kwa uhakika. Chepkurui alikubali kununua, lakini si kwa bei ya mwanzo. Akasema kwa upole kwamba ploti iliyozungumzwa hainunuliwi kwa bei ya ploti iliyonyamaziwa. Mama akaitikia kwa kichwa. Akaomba jambo moja, ukuta usibomolewe. Chepkurui akasema hata angetaka kujenga wake, fundi wa namna ile hapatikani tena.

Kimutai ana kipaji, nakubali. Lakini kumbukumbu iwepo kwamba mteja nilimpata mimi.

Jumamosi, 29 Novemba

Niko Kimilili. Nimemsindikiza Mama na vyombo vyake. Nyumba imeisha, mabati yanang'aa, na kutoka mlangoni anaona kaburi la Baba. Amelifagia kabla hata ya kunywa maji. Anaonekana mdogo kiumri, au labda ni furaha.

Nyumba ni chumba kimoja. Nilizunguka nyuma nikakuta vijiti vinne vimechomekwa ardhini, kamba imezungushwa, na majani yameanza kuota ndani. Nikamuuliza Mama kama ni choo. Alikuwa akichambua maharagwe ya Lanet, ya mwisho.

"Hicho kilikuwa chumba chako," akasema. "Nilifikiri siku moja utachoka na Nakuru. Pesa ikapungua."

Hakusema kwa hasira. Akanisogezea ungo nimsaidie. Tulichambua mpaka yakaisha, na usiku nikalala kwenye mkeka karibu na mlango. Nimewaza sana. Nimeona wazi nilipokosea.

Jumatatu, 1 Desemba

Nakuru. Hali ya sekta: imetulia. Mwelekeo: mzuri.

Mzee Kiptanui, mkulima wa viazi kule Kuresoi, ana ploti Njoro na anataka kuiuza. Amenikabidhi mimi, hajasikia mambo ya Lanet. Anataka kumlipia binti yake chuo Januari, kwa hivyo hakuna wakati wa kupoteza. Na jana gari la Kimutai lilionekana Njoro!

Nimepitia kwa Ogada. Akauliza tena kama mwenye ploti anajua. Nikamtuliza. Nimemweleza kwamba nimelitafakari jambo hili kwa kina, mbele ya kaburi la baba yangu, na kosa la Lanet lilikuwa la kiufundi tu.

Safari hii ni rangi ya maji.