Kitengo cha Ukimya, Shimo la Kumi na Moja

Siku mke wangu Ina alipofariki, Kamati ya Maandalizi ya Watazamaji ya mji wa Kinlathie ilitangaza kwamba, kwa mara ya kwanza katika historia ya Uskoti, wananchi watafundishwa kutazama gofu. Mashindano ya wachezaji wa kulipwa yalikuwa yanakuja kwetu mwezi wa saba, na Mwenyekiti, Bwana Lachlan Ruthven, alikuwa amegundua kuwa utazamaji wetu hauna mfumo.

Uamuzi ulikuwa wa busara. Sisi wa Kinlathie tumetazama gofu kwa vizazi vingi bila cheti. Unavaa viatu visivyoingiza maji, unatia mkate wa bekoni mfukoni, unatafuta mahali ambapo upepo hautakung'oa masikio, kisha unanyamaza. Mchezaji akipiga vizuri, unapiga makofi. Akipiga vibaya, unaangalia bahari. Mwenyekiti aliuita huo utazamaji wa kienyeji.

Mimi niliteuliwa Mkuu wa Kitengo cha Ukimya. Nadhani ni kwa sababu tangu mazishi sikuwa nasema mengi. Kwetu msiba hauzungumzwi. Watu walikuja mlangoni na supu, wakaniambia mvua imepungua, nami nikakubali kwamba imepungua. Jirani yangu Dod Gourlay, muuza nyama, aliniambia hivyo huku maji yakimchuruzika kofiani.

Mafunzo yalifanyika kwa umakini mkubwa. Wananchi walipimwa uwezo wa kusimama kwenye upepo wa kaskazini, na wa kupiga makofi ya daraja la pili, yaani yale ya mpira uliosimama karibu na shimo lakini si karibu sana. Bibi mmoja alifeli kwa kutabasamu kabla ya matokeo.

Nilikuwa na ombi moja tu. Nyuma ya shimo la kumi na moja kuna kilima kidogo cha nyasi. Kila mashindano yalipokuja, mimi na Ina tulisimama hapo, yeye kulia, mimi kushoto, tangu tukiwa wachumba. Nilitaka kusimama hapo na mwaka huu. Lakini Kamati ilikuwa imejenga hapo jukwaa la waheshimiwa. Mwenyekiti alinieleza kwa heshima zote kwamba mahali hapo kwa desturi ni pa watu wawili, na kwa kuwa mmoja wao hakutoa taarifa ya kutohudhuria, suala haliwezi kujadiliwa.

"Pole, Wattie," akasema. "Lakini tukianza kuwafikiria marehemu, foleni itafika mji wa Dundee."

Nikakubali kwamba mvua imepungua.

Jumanne tukafanya zoezi la mwisho, mji mzima, kwenye shimo hilohilo. Kanuni ya sita ilisomwa kwa sauti: nikishainua mikono, atakayetoa neno hataingia uwanjani wiki nzima, hakuna rufaa, na cheo si kinga. Hayo ya cheo aliyaongeza Mwenyekiti mwenyewe ili kumbana Dod, ambaye ni kiongozi wa kwaya ya kanisa na hujiona.

Dod aliigiza mchezaji wa kulipwa. Akaweka mpira, akachuchumaa, akafumba jicho moja. Nikainua mikono. Mji ukanyamaza, hata mbwa.

Kule juu jukwaani, Mwenyekiti aliendelea kumweleza mwandishi wa gazeti umuhimu wa ukimya.

Watu wote wakageuka kumtazama. Hakuna aliyesema kitu, maana walikuwa wamefuzu.

"Mnaona?" akamwambia mwandishi. "Nidhamu." Kisha akaniita. "Wattie, shusha mikono sasa, tumeridhika."

Nisingeweza kuishusha, Dod hakuwa amepiga. Wala nisingeweza kumjibu, kwa kuwa kanuni ilinihusu na mimi. Dod akauzunguka mpira kuutazama kutoka upande wa pili. Akang'oa jani moja la nyasi. Akarudi alikotoka. Mwenyekiti aliuliza kama mimi ni kiziwi, akaahidi kunivua cheo, akamtaja mama yangu.

Hatimaye Dod akapiga. Akakosa. Tukaangalia bahari.

Nikashusha mikono na kumjulisha Mwenyekiti kwamba Kitengo kinasikitika.

"Mimi ni Mwenyekiti," akasema.

"Kutazama ndiyo kazi pekee uliyokuwa nayo, Lachlan," Dod akamwambia, akiokota mpira wake. "Na sisi wengine tumefaulu."

Mwandishi aliyachapa yote, kwa hiyo hapakuwa na namna ya kuyarudisha nyuma. Kamati ilikaa kwa dharura ikaona kuwa jukwaa lisilo na Mwenyekiti halina hadhi ya kukaliwa na waheshimiwa. Likabomolewa Jumatano.

Nyasi zilizokuwa chini yake zimegeuka njano. Leo ni Alhamisi, malango yamefunguliwa, na upepo unatoka kaskazini. Nimesimama kilimani, upande wa kushoto. Kundi la kwanza la wachezaji linakuja.