Idara ya Maarifa ya Karantini

Kitu cha kwanza alichokigundua Neta Banman asubuhi ile ni kwamba kurasa za tangazo zilikuwa zimebandikwa kinyume. Ukurasa wa pili ulikuwa juu, wa kwanza chini, hivyo kila aliyefika kwenye mlango wa ofisi za mji wa Mosgrove alisoma adhabu kabla hajajua kosa. “...na atakayekaidi,” ndivyo tangazo lilivyoanza, “atahesabiwa kuwa alikaa bure.”

Neta aliangalia kushoto, akaangalia kulia, akaendelea kupiga deki. Mtu asiyejua kusoma hawezi kulalamika kwamba kurasa zimepishana, na Neta, kwa mujibu wa jalada lake lililokuwa kabatini, hakujua kusoma.

Ukianzia chini, tangazo lilikuwa zuri sana. Lilisema kwamba Mheshimiwa Meya Clayton Furlong, baada ya kutafakari kwa kina, ameona kuwa wananchi hawakufungiwa ndani miezi kumi na minne ili waote kutu. Kila mmoja lazima alijifunza jambo. Jambo hilo, hata liwe dogo kama chawa, ni rasilimali ya mji, na rasilimali ya mji haiachwi ikizagaa majumbani. Kwa sababu hiyo inaundwa Idara ya Maarifa ya Karantini. Kila mkazi atafika mbele ya Kamati ya Uhakiki, ataeleza alichojifunza, atakionyesha kwa vitendo, kisha atapewa cheti. Mfanyakazi yeyote wa mji ambaye hatakuwa na cheti ifikapo Ijumaa saa sita mchana, atakuwa amejiachisha kazi mwenyewe, na mji unamshukuru kwa utumishi wake.

Cheti namba moja alishapewa Meya. Yeye alijifunza kuoka mkate. Kila wiki tangu karantini ianze alikuwa akitokea kwenye runinga ya mji, unga shavuni, mkate mkononi, akiwahimiza watu wavumilie. Hakutakiwa kuonyesha kwa vitendo, kwa sababu mwenyekiti wa Kamati alikuwa yeye, na haipendezi kiongozi kujihoji mbele ya watu.

Sheria ndogo ya tatu ilisema maarifa mamoja hayawezi kumilikiwa na watu wawili. Kwa hiyo mkate ukafungwa. Siku ya kwanza tu, watu mia mbili na kumi waliokuwa wamepanga foleni, kila mmoja na mkate wake kwapani, waliombwa warudi nyumbani wakajifikirie upya.

Wakajifikiria. Bi. Pearl Ogilvie alirudi na kuapa kwamba anajua kila shimo ambalo kindi wa mti wake amefukia kokwa. Yalikuwa mashimo arobaini na moja. Kamati ilibeba majembe ikaenda kuhakiki. Arobaini yalikuwa na kokwa. La arobaini na moja lilikuwa na bomba kuu la maji, na nusu ya mji ikakosa maji siku mbili. Idara ilitoa taarifa kwamba hayo yalikuwa matengenezo yaliyopangwa tangu zamani. Bi. Pearl alipata cheti daraja la kwanza.

Mume na mke mmoja wa mtaa wa Elgin walisema wamegundua kwamba hawapatani kabisa kuhusu namna ya kupanga vyombo kwenye mashine ya kuoshea. Waliambiwa cheti ni kimoja. Waligombana nje kwa saa nzima kuhusu nani aligundua kwanza.

Mzee Alvin Stroud, aliyeendesha gari la kuondoa theluji miaka thelathini, alikuja na jokofu lake likisukumwa na wanaume wanne.

“Mzee Stroud, umejifunza nini?” Meya aliuliza.

“Mheshimiwa, miaka arobaini nimemlaumu mke wangu kwamba anakoroma. Kumbe ni hili dude.”

“Na mkeo anasemaje?”

“Mke wangu haongei na mimi. Anaongea na fundi wa majokofu.”

Walilichomeka. Likakoroma. Bi. Doreen Haskett, Katibu wa Mji, akagonga muhuri.

Neta ndiye aliyekuwa akifagia udongo wa majembe na kupangusa maji ya jokofu. Ilifika Alhamisi hajajiandikisha. Bi. Doreen akamfuata hadi kwenye chumba cha mafagio.

“Neta, shoga yangu, kesho ndiyo mwisho. Kila mtu ana kitu. Mimi nimejifunza kunyanyua nyusi moja bila ya pili. Ona.” Alinyanyua ya kushoto.

“Nzuri, Bi. Doreen.”

“Sema hata umejifunza kukunja shuka lenye mpira.”

“Amelichukua mke wa mhasibu.”

“Kupiga mluzi?”

“Amechukua mtu wa posta.”

“Jamani, mwanangu, miezi kumi na minne! Hukujifunza hata kidogo?”

Neta alikunja kitambaa cha vumbi mara nne, akakikunjua, akakikunja tena. Alikuwa na aibu ya kuzaliwa nayo. Hata kuomba chumvi mezani ilimchukua dakika. Lakini safari hii haikuwa aibu tu iliyomziba mdomo.

Mambo yalikuwa hivi. Mwezi wa pili wa karantini, mashine ya mji ya kuchanachana karatasi za siri ilikufa. Mafundi hawakuruhusiwa kusafiri. Halmashauri ilikutana, kila mmoja kwenye kidirisha chake cha kompyuta, ikabaini kwamba msafishaji wao alitoka katika makoloni ya Wamenoni, Wakristo wasemao Kijerumani, kule Meksiko, kwamba aliacha shule darasa la tatu, na kwamba hata hilo darasa la tatu lilikuwa la Kijerumani. Ikapitisha kwa kauli moja kwamba karatasi za siri zipelekwe tanurini na Neta. Akapewa cheo cha Afisa Mwandamizi wa Siri na Usafi, na beji. Siri ya mji haikulindwa kwa kufuli. Ililindwa kwa ujinga wa Neta, nao ulikuwa umeandikwa kwenye kumbukumbu za kikao.

Wakati huohuo, kule kwenye fleti ya dada yake Tina, mpwa wake wa miaka sita alikuwa akisomea mezani kupitia kompyuta. Mwalimu aliita majina ya watoto ishirini na wawili kila asubuhi. Hakujua kwamba nyuma ya mtoto wa kumi na tisa, kwenye meza ya kupigia pasi, alisimama mwanafunzi wa ishirini na tatu, akitamka herufi kimyakimya huku akinyoosha mashuka ya watu. Kufikia Krismasi Neta alisoma gunia la unga. Kufikia Pasaka alisoma beji yake mwenyewe, akakuta jina lake lina herufi moja iliyozidi.

Ndiyo maana alinyamaza. Akisema amejifunza kusoma, hawezi tena kubeba siri, basi kazi hana. Asiposema, hana cheti, basi kazi hana. Na Tina alishasimamishwa kazi kwenye kiwanda cha nyanya, na pango la fleti lilikuwa linategemea beji ile yenye herufi iliyozidi.

“Nitafikiri, Bi. Doreen,” alisema.

“Fikiri haraka, mama. Kuna mtu leo amejiandikisha kwa kupiga miayo.”

Ijumaa ukumbi ulijaa, viti mita mbili mbili, runinga ya mji ikirusha matangazo. Neta alikuwa ameingia na toroli lake kama kawaida, ndoo upande huu, mfuko wa karatasi za siri upande ule. Saa tano na dakika hamsini Bi. Doreen aliita jina la mwisho.

Neta alisimama mbele ya Kamati na mpini wa fagio mkononi.

“Karibu, binti,” alisema Meya kwa upole wa kwenye runinga. “Usiogope. Hatutafuti miujiza. Hata kitu kidogo.”

Neta aliegemeza fagio kwenye toroli, akalichukua tena.

“Dakika nane,” alisema Bi. Doreen, akimwangalia kwa huruma.

“Muacheni apumue!” alipaza sauti Mzee Alvin kutoka kiti cha nyuma. “Mnamkodolea macho kama kuku mgeni!”

Neta alisema kitu.

“Sauti, binti.”

“Nimejifunza kusoma.”

Mtu mmoja akapiga makofi, kisha wengi. Wajumbe watatu wa Kamati hawakupiga. Walikuwa wakikumbuka, kila mmoja kivyake, yale waliyoyatupa tangu mwezi wa pili. Meya alitabasamu kwa mdomo tu.

“Pongezi. Ila kwa masikitiko, sheria ndogo ya tisa inasema Idara husajili maarifa madogo. Hili ni kubwa. Ombi limekataliwa.”

“Kubwa wapi, Mheshimiwa?” alisema Mzee Alvin. “Wajukuu zangu wa miaka sita wanasoma. Kunyanyua nyusi ndiyo kugumu, mimi nimeshindwa!”

Watu walicheka. Bi. Doreen alipekua kitabu cha sheria. Alikuwa mwanamke aliyeweza kuvumilia dhuluma, lakini si utaratibu kukiukwa. “Ukubwa hauna kipimo chake humu, Mheshimiwa. Kinachotakiwa ni kuonyesha kwa vitendo. Asomeshwe karatasi ya mji ambayo hakupewa mapema kujiandaa nayo.”

“Basi tafuteni karatasi,” alisema Meya. “Ratiba ya kuzoa taka.”

“Ratiba ya taka tunaijua wote kwa moyo,” alisema Mzee Alvin. Alikuwa ameshafika kwenye toroli, na mkono wake ulikuwa ndani ya mfuko. “Hii hapa, ya juu kabisa.”

“Hiyo ni siri ya ofisi!”

“Imeshatupwa,” alisema Bi. Doreen, kidole kikiwa juu ya kifungu. “Kilichotupwa ni taka, na taka ni mali ya wananchi wote. Ulitia saini mwenyewe, Mheshimiwa, ule mwaka watu walipogombania chupa za jalalani.”

Neta alipokea karatasi. Aliutambua mwandiko. Aliiweka karatasi juu ya ndoo, akainama, akaanza kwa sauti ya mtoto wa kumi na tisa anapoitwa na mwalimu.

“‘Kwa Craig, dereva. Mkate wa wiki hii usinunue tena... duka lile. Mwenye duka ameanza kuuliza maswali. Nenda mji wa pili. Na utoe ka-ra-ta-si yote ya kufungia. Mara ya mwisho kibandiko cha bei kilibaki chini, nikakishika kwa kidole gumba kipindi kizima.’”

Hakuna aliyecheka mwanzoni. Mosgrove ni mji wa watu wenye adabu. Walihitaji kuhakikisha kwanza kama kucheka kunaruhusiwa. Kisha Bi. Pearl akaguna, na ukumbi ukapasuka. Watu mia mbili na kumi walikuwa wamerudishwa nyumbani na mikate yao, na wengi wao walikuwa humo ndani.

“Inatosha!” Meya alikuwa amesimama. Shingo ilikuwa nyekundu. “Amefaulu! Bi. Haskett, mpe cheti. Daraja la kwanza. Na kazi yake abaki nayo, apandishwe cheo, sasa hivi, iandikwe. Umefaulu, binti. Weka karatasi chini.”

Bi. Doreen akagonga muhuri. Ilikuwa saa sita kasoro dakika mbili. Cheti kilikuwa mezani, wino ukiwa bado mbichi, na Neta angeweza kukichukua na kwenda zake.

Lakini ulikuwa umebaki mstari mmoja chini. Alishausoma mara nyingi mwaka ule, mbele ya tanuri, chini ya karatasi nyingi, kwa mwandiko uleule. Hakuwahi kuutamka. Hata Tina hakumwambia.

Aliunyoosha mgongo. Hakuhitaji tena kuangalia karatasi.

“‘Ukishasoma,’” alisema Neta, na safari hii hata wa kiti cha mwisho walimsikia, “‘mpe Neta. Hajui kusoma.’”