Jumba la Saa na Kibanda Changu

Jumatatu, 3 Juni
Balaa! Mwenye Jumba la Saa anataka kulivunja aweke maegesho ya magari. Jumba la kale, saa yake ilikufa kabla sijaoa. Nisingejali, ila studio yangu ya picha, kibanda cha mabati matupu, imeegemea ukuta wake. Likianguka, nami nimekwisha. Lakini nina akili! Nitalipiga picha, nizibandike kwenye ile ramani ya mtandaoni ambayo kila mtu huonyesha mahali anapopapenda. Dunia ikilipenda jumba, nani ataligusa? Mke wangu amesema nianze kwa kuziba paa la kibanda. Hana maono.

Jumanne, 4 Juni
Nimepiga tangu alfajiri. Matao! Madirisha ya duara! Duka la shemeji, fundi cherehani, limo mlemle ndani ya jumba, kwa hiyo limeingia pichani, sina la kufanya. Ubaya ni kibanda changu na kutu yake, kinajipenyeza kwenye kila picha. Nimekifuta kwa kompyuta, nikajaza ukuta. Kazi safi, hata mimi nisingejua kama nipo.

Alhamisi, 6 Juni
Shemeji naye kabandika picha! Kwa simu iliyopasuka kioo! Imepinda, na kibanda changu kimekaa katikati pamoja na ndoo ya taka. Watu wanaipenda kuliko zangu, eti ina uhai. Nimemwendea, nikamwambia anatuaibisha. Akasema basi shemeji, yasiwe makubwa, akaifuta. Angalau anajua kushindwa.

Jumatano, 12 Juni
Ushindi! Ramani imefurika picha zangu, watu wa mbali wanalia jumba lisiguswe. Halmashauri imekubali. Nimefurahi hadi nimemkumbatia shemeji.

Alhamisi, 13 Juni
Mhandisi wa halmashauri kaja na picha zangu mkononi. Kazisifu, nikavimba kichwa. Kisha akatangaza jumba litahifadhiwa kama lilivyo kwenye picha: kilichomo kibaki, kisichomo kiondoke. Akanigeukia, akauliza hiki kibanda kimeota lini. Nikaapa kipo miaka yote. Akataka picha moja tu ya kuthibitisha. Nikamkimbilia shemeji. Akanikumbusha ni nani aliyemfutisha ile yake. Mpiga picha mzima, sina picha ya studio yangu! Mke wangu kaniletea chai, akasema mganga hajigangi. Nimeumia kweli.

Ijumaa, 14 Juni
Nimepewa hadi mwisho wa mwezi nihame. Shemeji kanipa kona dukani kwake, bure. Nimemwambia nitafikiria. Kona ya nini, na njia nimeshaipata? Nitakibandika kibanda kwenye ramani, picha ya rangi ya kahawia kama za enzi za babu, niiite Studio ya Kale. Halmashauri itajionea. Nimepiga asubuhi hii, mwanga mzuri ajabu. Ila yale mabati yenye kutu yalikuwa yanaharibu sura. Nimeyafuta yote.